Alijibu Kila Neno

Binamu yangu ana nyumba ya wageni chini ya milima, karibu na kanisa la misheni, na sebuleni kwake kuna taa kubwa ya kijivu juu ya miguu mitatu. Hadi majuzi, mgeni alipoingia tu, kabla hajapewa hata maji ya kunywa, alioneshwa taa. Aliambiwa ni taa ya manowari, na hilo ni kweli. Aliambiwa ilikuwa ya mjomba wake mwenye nyumba, na hilo pia ni kweli. Kisha aliambiwa kwamba mwenye nyumba ndiye mpiga ishara wa mwisho katika milima yote ya Uluguru.

Nasema mapema, ili msomaji asijisumbue kunitafutia wema: haya ninayoyaandika ni habari ya kisasi. Nilikipanga kwa miezi, nikakitekeleza mchana kweupe, siku ya jubilei ya parokia, na mkono wangu haukutetemeka hata kidogo. Habari ya mkono nitaieleza.

Baba yangu alikuwa askari wa majini, na kazi yake ilikuwa ishara. Alitoka kwenye kijiji ambacho mto wake mkubwa unaruka kwa hatua mbili, akaenda kusimama sitahani nusu ya ujana wake akizungumza na meli nyingine kwa mwanga. Alipostaafu, meli yake ilikuwa inakwenda kukatwa iuzwe chuma chakavu, naye akaomba taa mbili zilizokuwa zitupwe. Zilipanda kutoka mjini zimelala ndani ya matenga matupu kwenye lori la mboga, kisha kichwani mwa watu, kwa sababu barabara inaishia misheni na sisi tuko juu zaidi, mwendo wa saa mbili kwa mguu uliozoea.

Taa kubwa ilikuwa na vibao vyembamba vya chuma mbele, vimepangwa kama vya dirisha. Ukivuta mpini wa pembeni vinafunguka, ukiachia springi inavifunga. Ndogo ilikuwa ya kushika mkononi, ina kifyatulio kama cha bastola na bomba jembamba juu yake la kulengea. Watu hudhani taa ya namna hii inawashwa na kuzimwa. Haizimwi. Balbu inawaka muda wote, maana ukiizima waya wake hubaki mwekundu kidogo na nukta zinaungana na mistari, ile mimweko mifupi na mirefu inayoandika herufi. Kinachofanya kazi ni vile vibao, au kwa ile ndogo, kioo cha ndani kinachoinama. Baba aliturudia jambo hili mpaka tukawa tunaliota. Mwanga wake unaonekana hata jua likiwa utosini, ila ni mwembamba, uliyemlenga anauona na mtu wa bonde la pili haoni kitu.

Wakati huo simu hazikuwepo. Wakulima walikuwa wanashusha kabichi na karoti tangu alfajiri, wanafika misheni wanakuta lori halikuja, na mboga zinaozea kwenye baraza la kanisa huku wenyewe wamezikalia kitako. Baba akasimika taa kubwa kwenye kigongo nyuma ya nyumba yetu. Ndogo akaipeleka misheni kwa dada yake, shangazi yangu, ambaye mwanawe alikuwa amenizidi miaka mitatu. Huyo ndiye binamu. Betri zilikuwa za lori, mbilimbili, na dereva alizipeleka mjini, Mwembesongo, kuchajiwa kila wiki, akinung'unika kila wiki.

Kanuni zilikuwa chache. Unaita mpaka uitikiwe. Unatuma neno moja, unasubiri. Aliye upande wa pili akilisoma neno, anajibu kwa mwanga mmoja mrefu. Asipolisoma anakaa kimya, na wewe unalirudia, hata mara kumi, bila kununa. Ule mwanga mrefu haukuwa na maana ya "nakuona" wala "endelea". Maana yake ilikuwa moja tu: neno hili ninalo.

"Msomaji hafikiri," baba alikuwa akisema. "Macho kwenye mwanga, anataja neno kwa sauti, mwenzake anaandika bila kuinua kichwa. Msomaji akianza kufikiri, ataanza kukisia. Akikisia, meli inapanda mwamba."

Sisi Waluguru tunafuata upande wa mama. Mimi ni wa ukoo wa mama yangu, na baba alikuwa mtu wa ukoo mwingine aliyekuja kuishi na kulima kwenye ardhi yetu. Mrithi wa mwanamume ni mtoto wa dada yake. Kwa hiyo aliyefundishwa taa kwa haki alikuwa binamu, ambaye alikuwa anapandishwa mlimani kila likizo na kukalishwa mbele ya daftari. Mimi nilifundishwa kwa sababu nilikuwa nimesimama hapo. Baada ya mwaka mmoja natuma haraka kuliko ninavyosema, na wale wanaonifahamu wanajua nasema haraka kiasi gani. Baba akawa ananiachia kigongo mimi, na binamu akawa mtu wa chini.

Kila Jumatano alasiri nilimwita, akaitika, nikamtumia habari za mboga. Kesho matenga kadhaa ya kabichi, kadhaa ya karoti, lori lisubiri. Neno, mwanga mrefu. Neno, mwanga mrefu. Mwaka mzima hakuwahi kukaa kimya hata kwa neno moja, na mimi nikamwona bingwa.

Nilikuwa na miaka kumi na mitano mama alipojifungua. Ilikuwa Jumatano. Baba alikuwa Dar es Salaam akifuatilia mambo yake ya jeshi. Mtoto alitoka salama asubuhi, lakini damu ya mama haikukata, na kufikia mchana mkunga alitoka nje akiwa amebadilika sura, akasema huyu ni wa hospitali, tena sasa hivi. Wanaume wa jirani walikuwa wameshafunga kitanda kwenye miti miwili. Njia zilikuwa mbili. Moja ilikuwa kumshusha moja kwa moja misheni, kwenye ule mteremko ambao hata mzima unaushuka kwa matako. Nyingine ilikuwa ya juujuu, fupi na tambarare, inayokwenda kutokea kwenye barabara ya zamani ya kubebea mbao. Gari la misheni lingeweza kupanda hadi pale, mradi liitwe.

Mjomba wangu mkubwa, kaka wa mama, akaniambia, "Mwanangu, kaite gari."

Nilikimbia kigongoni. Niliita, nikaitikiwa. Nikatuma: MAMA ANATOKA DAMU GARI LIJE NJIA YA MBAO SASA. Maneno tisa. Nilijibiwa mianga mirefu tisa, mizuri, imenyooka. Nilirudi mbio napiga kelele kwamba gari linakuja, na kwa neno langu wakambeba mama kupitia njia ya mbao.

Gari halikuja. Tulikaa pale mwisho wa barabara mpaka kivuli cha mlima kikatufunika, kila mtu anasikiliza injini. Mjomba alipoamua warudi waushike mteremko, mama alikuwa ameshaacha kuomba maji. Alikufa kitandani mle kabla hatujauona mnara wa kanisa. Mtoto alimfuata baada ya siku nne.

Kule chini binamu alikuwa amemwambia dereva kwamba kesho kuna kabichi.

Baba alifika kwa maziko. Alimwita binamu, akamwuliza mbele ya watu wote, akajibu huku akilia: "Mjomba, mkono wake ulikuwa unatetemeka. Mimi nilisoma kabichi." Baba akanichukua kigongoni, akaifunika taa kwa turubai, akanishika bega. Hakunigombeza. Aliniambia hata watu wazima mkono huwatetemeka, kwamba nisilie, lakini taa nisiiguse tena. Sikuigusa. Watu wa ukoo wangu hawakunisema kitu, ila nilikuwa nikiingia mahali mama wakubwa na mama wadogo wanabadilisha mazungumzo, na bibi yangu hakuwahi tena kunituma kupeleka ujumbe, hata wa kuazima chumvi. Nilikubali. Nilikuwa mtoto, nilikuwa na hofu, kwa nini mkono usitetemeke? Nililala na neno hilo na kuamka nalo hadi nikawa mtu mzima. Nikaolewa nalo.

Na kuolewa kwenyewe ni hadithi. Kwetu binamu ni mtani. Atakunyang'anya sahani yenye nyama, atajilaza ndani ya kaburi la babu yako akidai apewe kitu ndipo atoke, atakutukania wakwe zako mbele ya padri, na wewe huruhusiwi kukasirika. Ukikasirika umefanya kosa, na wazee watakutoza. Binamu yangu aliitumia haki hiyo hadi tone la mwisho. Aliniita Kabichi. Si mara moja wala mbili, lilikuwa jina langu, harusini na misibani, na watu waliolijua chanzo chake waliangalia chini na wasiolijua walicheka. Siku ya harusi yangu alileta zawadi kubwa iliyofungwa kwa karatasi ya maua na utepe mwekundu. Nikaifungua mbele ya ukumbi mzima. Ilikuwa kabichi. Ukumbi ukavunjika mbavu, mume wangu akacheka kwa sababu hakujua, na mimi nikacheka, nimeishika kabichi mikononi kama mtoto mchanga. Mtani hakasirikiwi.

Baba alipofariki, miaka michache iliyopita, binamu alirithi alivyostahili kurithi kwa desturi: shoka, redio, kofia ya majini, na taa zote mbili. Sikudai. Mimi ni mtunza maabara katika shule moja mjini, upande wa Kilakala, ninazo taa zangu za kuchemshia maji kwenye chupa za kioo, zinanitosha. Ndipo akafungua nyumba yake ya wageni na kuanza ule upigaji ishara wa mwisho wa Uluguru.

Siku moja nilikwenda kumsalimia shangazi, nikamkuta binamu sebuleni na watalii wawili na mwalimu mmoja aliyetoka Mazimbu. Aliwasha taa kubwa akawaambia, "Sasa nawaandikia KARIBUNI ukutani." Akavuta mpini. Nilikuwa nimesimama mlangoni na sinia la ndizi za shangazi. Herufi ya kwanza ya neno hilo ni mstari, nukta, mstari. Alichokituma yeye hakikuwa herufi ya kitu chochote duniani. Kilichofuata pia hakikuwa herufi. Alikuwa anavuta mpini tu, kama mtu anayepiga mswaki. Watalii wakapiga makofi.

Niliweka sinia chini. Nikamsubiri amalize, nikamwambia kwa utani, "Binamu, hebu andika jina langu." Akacheka, akasema, "Kabichi hilo!" na akavuta mpini tena, na tena hapakuwa na herufi hata moja.

Hakujua kusoma. Hakuwahi kujua. Mwaka mzima wa Jumatano alikuwa anaona mwanga unacheza, ukitulia anajibu, kisha anamwambia dereva yaleyale ya wiki iliyopita, na kwa kuwa mboga ni mboga, mambo yakaenda. Siku ya mama alifanya yaleyale. Angenyamaza tu, ningejua hakuna aliyesoma, na mjomba angeushika mteremko mchana uleule mama akiwa bado anaongea. Kilichomwua mama ni mianga tisa mirefu iliyosema "neno hili ninalo". Nilirudi mjini siku hiyo nimekaa kwenye kiti cha nyuma cha bodaboda, nasema peke yangu njia nzima hadi dereva akaniuliza kama naongea na simu.

Ningeweza kwenda kwa wazee wa ukoo na kusema. Wangeniita niketi, wangemwita aseme, naye angesema vizuri kuliko mimi, kama siku zote. Ningeambiwa ni mambo ya zamani. Nilitaka kitu kingine. Nilitaka ajibu tena kila neno, mbele za watu, na safari hii pawepo mtu wa kusoma.

Mtu huyo nilimjua. Alikuwa mzee mmoja aliyetumikia meli moja na baba, anaishi mjini karibu na reli, mkali kama pilipili kichaa na masikio yake yameharibiwa na mizinga kiasi kwamba anaongea kwa kupaza sauti hata akiomba sukari. Nilimtembelea. Baada ya shikamoo na marahaba na kuelezana afya kwa kelele, nikamwambia kwamba ile taa ya rafiki yake itapigwa misheni siku ya jubilei na kwamba angependa kuiona. Sikumwambia zaidi. Macho yakamng'aa. Akauliza kama anaweza kukaa mbele, kwa sababu ya masikio. Nikamwambia taa haina haja ya masikio, mzee. Akacheka, akasema basi akae mbele kwa sababu ya heshima.

Binamu naye nilimwendea na uso wa tabasamu. Kwa maonyesho yake huwa anampeleka binti mmoja wa jirani kigongoni na taa ndogo, wanaelewana kwa simu: washa sasa, zima sasa. Nikamwambia, "Binamu, jubilei ni kitu kikubwa, acha nipande mimi. Ni kigongo cha baba." Alinitazama kidogo. Kisha akanipa kikaratasi alichokuwa ameandika maneno ya siku hiyo: KARIBUNI WAGENI WETU KWENYE JUBILEI YETU MUNGU AWABARIKI WOTE. Akanieleza mpango. Nikicheza mwanga, nipumzike. Akijibu, yeye atalitamka neno kwenye kipaza sauti, kwa kuwa maneno ameyakariri. "Hata ukikosea usijali," akasema, na kunigonga begani. "Nani atajua, Kabichi?"

Wiki tatu nilifanya mazoezi kwenye stoo ya maabara, natupa mwanga wa tochi kwenye kabati la tindikali na kuukata kwa kifuniko cha daftari. Vidole havikuwa vimesahau kitu.

Siku yenyewe nilipanda na taa ndogo mkononi na betri mbili za pikipiki mgongoni. Ukungu ulikuwa umeondoka, naona paa la kanisa, turubai jeupe, na watu wadogo wadogo. Misa iliisha, kengele zikanifikia. Nikaita. Chini ukatokea mwanga wa ile taa kubwa, mrefu, wa kuringa. Nikaweka jicho kwenye bomba la kulengea.

MIMI.

Mwanga mrefu.

SIJUI.

Mwanga mrefu.

KUSOMA. TAA. SIKU. ILE. NILIJIBU. BILA. KUSOMA.

Alijibu kila neno. Sitadanganya hapa ili nionekane mtu wa dini: sijawahi kuonja utamu kama ule. Kila mwanga wake uliponigonga machoni nilisikia raha inashuka hadi kwenye nyayo. Nilikuwa nacheka peke yangu kigongoni, mama mtu mzima mwenye kitenge cha jubilei.

Yaliyotokea chini nilisimuliwa na binti yangu, ambaye alikuwa kwenye viti vya nyuma. Binamu alitamka kwenye kipaza sauti, "Karibuni!" na papo hapo yule mzee, mbele kabisa, macho yamegandia kwenye mlima, akapaza sauti yake ya mizinga: "MIMI!" Watu wakageuka. Binamu akasema, "Wageni!" Mzee akasema, "SIJUI!" Wakaanza kucheka, wakidhani mzee amechanganyikiwa na joto. Mzee hakuwasikia na wala hakuwa anafikiri. Alikuwa anasoma, kama alivyofundishwa akiwa kijana, anatema neno na kusahau. Kufikia KUSOMA TAA kicheko kilikuwa cha namna nyingine, cha utani, na wengine wakapiga vigelegele. Binamu akaongeza sauti ya kipaza sauti. Angefanya nini? Akiacha kujibu, ameungama kwamba anasikia. Akaendelea kuvuta mpini, "Jubilei!", "Yetu!", na jasho linamtoka. Mzee alipofika NILIJIBU BILA KUSOMA, vicheko vikakatika upande wa wazee. Mjomba wangu mkubwa, ambaye sasa anatembelea fimbo, alisimama bila fimbo.

Binamu akasema, "Wote." Maneno yake tisa yakawa yameisha. Lakini mwanga mlimani ulikuwa bado unacheza.

MKE, nilituma.

Kimya.

Nikarudia. MKE. Kimya. Kanuni ni kurudia bila kununa, nikarudia mara ya tatu na ya nne. Ndipo ukatoka mwanga mrefu mmoja, ambao haukuwa wake. Kila mpiga ishara ana mkono wake kama mtu alivyo na mwendo wake, na huu ulikuwa mkono wa mtu aliyesimama sitahani. Mzee alikuwa amenyanyuka, akamsukuma binamu kwa kiwiko na kushika mpini, maana kwake kuacha neno bila jibu ni aibu kubwa kuliko kitu chochote kinachosemwa na hilo neno.

WA. MJOMBA. AKAFA.

Mianga mitatu. Nikafunga taa.

Nilipofika chini watu walikuwa wanakula pilau. Wanawake wa ukoo wetu walinyanyuka mmoja mmoja, hawakusema mengi, walinishika mikono. Mmoja wa mama wadogo, kati ya wale waliokuwa wakibadilisha mazungumzo, alinishika mkono wa kulia, akautazama, akaubusu. Hapo nililia. Kisha nikafuta uso nikaenda kumtafuta binamu, kwa sababu nilikuwa sijashiba. Nilitaka kumwona usoni.

Nilimkuta nyuma ya jiko, amekaa kwenye ndoo iliyofunikwa. Alijaribu kucheka.

"Umenipata, binamu. Ule ulikuwa utani wa karne. Mtani hakasirikiwi."

"Kasirika tu," nikamwambia. "Leo nakuruhusu."

Kicheko kikamtoka usoni. Aliokota kijiti akaanza kuchora chini. Halafu akaniuliza, kwa sauti ya chini, bila ubaya: "Kwani ulidhani mjomba hakujua?"

Nilikuwa nageuka kuondoka, nikasimama.

"Nilimwambia. Hata matanga hatujaanua. Nilimfuata kule juu nikampigia magoti, nikamwambia mjomba, mimi sikusoma hata neno moja, sijui kusoma. Alinikazia macho mpaka nikadhani atanipiga. Akasema, nyanyuka. Akasema, wajomba wa mtoto wakisikia kwamba mtu wa ukoo wetu ndiye aliyemwua dada yao, mimi kesho sina shamba wala nyumba, na wewe huna pa kukanyaga mlima huu. Lakini mtoto ni wa kwao. Kosa likiwa la mtoto, ni la kwao wenyewe kwa wenyewe, hakuna wa kumdai mwenzake. Akaniambia nisiseme tena. Binamu, mimi ndiye niliyeambiwa ninyamaze."

"Na kabichi ya harusini? Hiyo nayo uliambiwa?"

Alirudi kwenye kijiti chake. Nilimwacha kwenye ndoo yake.

Nilitamani kusema ni uongo, yeye ni mwongo wa siku zote. Lakini nilipokuwa nashuka kwenda mjini jioni ile nilijiuliza jambo moja dogo. Baba alikuwa mtu wa kuhakikisha. Alitukalisha siku nzima kwa ajili ya waya wa balbu. Binti yake anadaiwa kuua kwa mkono unaotetemeka, na taa ipo pale, kwenye kigongo chake, na betri zina chaji. Kwa nini hakuniambia hata mara moja, tuma neno nione? Angeniambia nitume, angeona. Alifunika turubai kwa sababu hakutaka kuona. Na baada ya magoti ya binamu alinitazama kila asubuhi mezani, miaka yote iliyobaki ya maisha yake, nakunywa uji nikiwa mwuaji wa mama yangu, akaniambia ongeza sukari.

Binamu nilimpa vidonge vyake, na vimemkaa. Ile taa sasa inakaa chini ya kitambaa na wageni hawaoneshwi. Lakini yule mwingine hana uso wa kumwangalia wala mkono wa kumshika. Yuko kwenye ardhi yetu, pembeni ya mama, kwa sababu wajomba walimwonea huruma wakasema mwacheni alale na mkewe. Mwezi uliopita tulijengea makaburi yale saruji na marumaru. Ilikuwa liwe jiwe moja lenye majina mawili, na mchoro niliuchora mwenyewe, kabla ya jubilei. Nilipanda na fundi, nikasimama pale hadi akamaliza jina la mama, herufi kwa herufi. Akapangusa patasi, akanionesha kwa kidole upande wa pili.

"Na huyu, mama, tumwandike nini?"

Nikamwambia huyo asimwandike, ana ukoo wake.